Mafunzo ya vitendo katika tiba ya michezo: yanayosemwa na yaliyo kweli

Tarehe 2 Januari 2023, moyo wa Damar Hamlin, mchezaji wa Buffalo Bills, timu ya mpira wa Kimarekani, ulisimama akiwa uwanjani Cincinnati. Aliyemkandamiza kifua pale pale nyasini ni Denny Kellington, mtaalamu wa tiba ya michezo wa timu hiyo. Hamlin alipona, na msimu uliofuata akarudi kucheza. Tangu hapo wengi wamejua kuwa kazi hii ipo. Namna wataalamu hawa wanavyofundishwa huko Marekani, hasa yale mafunzo ya vitendo, bado inasemwa vibaya mno.

Dhana: Mwanafunzi hupelekwa kwenye timu kubeba chupa za maji na kuziba pengo la mfanyakazi.

Hapana. Chama cha Madaktari cha Marekani kiliitambua fani hii kuwa taaluma ya afya mwaka 1990, na mwanafunzi wake yuko pale kujifunza tiba: kupapasa goti, kupima kano, kuamua nani arudi uwanjani na nani atoke. Msimamizi wake lazima awe karibu kiasi cha kuweza kuingilia kati mgonjwa asidhurike. Kumwachia mwanafunzi timu peke yake ni kumwonea yeye na wachezaji.

Dhana: Saa zikiwa nyingi, mtaalamu ameiva.

Hii ina asili yake. Zamani mtu aliweza kuufikia mtihani wa kuthibitishwa kwa kukusanya saa 1,500 chini ya msimamizi, bila kupita programu iliyoidhinishwa. Njia hiyo ilifungwa mwaka 2004. Siku hizi CAATE, chombo kinachoidhinisha programu hizo, kinataka pamoja na mengine angalau wiki 4 mfululizo za kushinda kazini kama mfanyakazi kamili. Hapo ndipo mwanafunzi anapomwona mgonjwa yule yule asubuhi, jioni na wiki inayofuata, akajua kama uamuzi wake ulisaidia. Saa za kukaa benchi hazimwonyeshi hilo.

Dhana: Ukishaijua nadharia, mikono itafuata yenyewe.

Hii ndiyo inayoniumiza zaidi, maana watu hufa. Chukua kiharusi cha joto kinachotokana na mazoezi makali. Kanuni yake ni fupi: poza kwanza, safirisha baadaye. Darasani hakuna anayeikosa. Uwanjani unakuta kijana mwenye kilo 130 aliyechanganyikiwa, anarusha mikono, makocha wanapiga kelele na gari la wagonjwa limeshafika. Joto lake inabidi lipimwe kwa themometa inayoingizwa njia ya haja kubwa, kwa sababu vipimo vya kwapani, mdomoni na pajini mwa uso hudanganya. Likizidi nyuzi 40.5, anatumbukizwa mwili mzima kwenye maji ya barafu yanayokorogwa, hadi lishuke kufikia takriban 38.9, na yote hayo yafanyike ndani ya kama nusu saa. Asiyewahi kuandaa pipa lile kwa mikono yake, wala kupanga nani ashike kichwa na nani asome kipimo, atapoteza dakika ambazo mgonjwa hana.

Korey Stringer wa Minnesota Vikings, timu nyingine ya mpira wa Kimarekani, alifariki kwa ugonjwa huu mwaka 2001. Mwaka 2018 akafariki Jordan McNair, mwenye miaka 19, wa Chuo Kikuu cha Maryland. Uchunguzi ulionyesha kwamba hakutumbukizwa kwenye maji baridi. Kanuni ilikuwa inajulikana miaka mingi.

Dhana: Kufanyia mazoezi kwenye sanamu ya mtu ni kupoteza muda.

Mwanafunzi anaweza kumaliza masomo bila kukutana na moyo uliosimama. Afadhali aukute kwanza kwenye sanamu. Ila sanamu haifichi maumivu. Mchezaji aliyegongwa kichwa na anayeitaka mechi ya Jumamosi atasema yuko sawa, na kocha atasema hivyo hivyo. Kumwambia kocha "leo hachezi", kwa heshima na bila kutetereka, mwanafunzi hujifunza kwa kusimama kando ya msimamizi anayelisema.

Dhana: Ni kazi ya viwanjani tu.

Wamo pia hospitalini, jeshini, viwandani na kwenye vikundi vya ngoma. Kanuni zenyewe zinataka mwanafunzi ahudumie watu wa rika, jinsia na hali mbalimbali, wakiwemo wasio wanamichezo.

Dhana: Ukitoka kidato cha sita unaanza moja kwa moja.

Ilikuwa hivyo. Kuanzia msimu wa masomo wa 2022, programu za shahada ya kwanza haziruhusiwi kupokea wanafunzi wapya. Njia sasa ni shahada ya uzamili. Kwa hiyo kijana anayeitaka kazi hii achague shahada ya kwanza yenye anatomia, fiziolojia na kemia. Halafu akiomba nafasi, aulize: wanafunzi hufanyia wapi vitendo, msimamizi mmoja ana wanafunzi wangapi, na wangapi hufaulu mtihani wa BOC, yaani ule wa kuthibitishwa, mara ya kwanza? Hilo la mwisho vyuo vinatakiwa kulitangaza wazi.