Boriti haioti baharini

Juzi nimelisikia tena kosa lile. Kijana anatembeza wageni ndani ya nyumba ya kale, ananyoosha kidole darini: "Hii ni miti ya boriti, inaota baharini, majahazi yalikuwa yakiipeleka Kuwait." Wageni wakaandika. Mimi nikameza mate.

Boriti ni mti uliokatwa ukalazwa kutoka ukuta hadi ukuta ili ubebe dari au paa. Basi. Hauoti popote ukiwa boriti. Kinachoota kwenye maji ya chumvi ni mkoko, msinzi, mkandaa na wenzao. Ukilaza chuma mahali pa mti, ni boriti ya chuma, na hakuna atakayeuliza chuma hicho kimechumwa mti gani. Hata waliotafsiri Injili ya Mathayo, walipomtia mnafiki boriti jichoni, hawakuhangaika na aina ya mti. Walitaka ukubwa, mbele ya kile kibanzi cha ndugu yake.

Kwa wauza miti wa Lamu neno lina maana finyu zaidi, na hapa ndipo ninapoanza kukereka. Kwao boriti ni daraja moja katika madaraja kadhaa. Chini kabisa kuna fito, unene wa kama sentimita tatu. Inafuata pau, ya kuezekea. Halafu mazio, kisha boriti yenyewe, ya sentimita kumi na mbili hivi, na juu yake nguzo. Mkoko ni uleule mmoja: ukikatwa mchanga umepata fito, ukiachwa miaka umepata nguzo. Ami yangu aliyekuwa akiuza miti ufukweni aliupima kwa kuushika tu shinani, akautaja daraja lake kabla hujauliza bei. Ukimwambia akupe "boriti za fito" angekuuliza kama kwenu mnalala ndani ya tenga.

Miti iliuzwa kwa korija, yaani ishirini ishirini. Neno hilo nalo limesafiri: Kihindi kina kori, ishirini hiyohiyo, Wareno wakaandika corja, na kila mfanyabiashara wa bahari hii alielewa akiambiwa bei ya korija. Lakini korija ni idadi, si ujazo. Korija ya fito ni ishirini na korija ya nguzo ni ishirini. Chukua fito ya sentimita tatu na nguzo ya sentimita kumi na tano, urefu sawa: nguzo moja ina mti wa fito ishirini na tano. Ukiziita zote "boriti", umechanganya mzigo wa punda na mzigo wa jahazi.

Kuwait inahusikaje? Ni nchi ndogo isiyo na msitu, kwa hiyo mti wake ulifika kwa chombo. Msaji (mtiki) wa kuundia majahazi ulitoka Malabar, pwani ya India. Miti ya kuezekea nyumba ilitoka kwetu, Lamu na Rufiji. Vyombo vilishuka na upepo wa kaskazi vimebeba tende, vikapanda na upepo wa kusi vimejaa miti. Mwaka 1939 baharia wa Australia, Alan Villiers, alikuwa ndani ya chombo kimoja cha Kuwait, cha nahodha Ali bin Nasr al-Najdi, kilichoingia delta ya Rufiji kuchukua mzigo huo. Kuwait waliuita chandal. Juu yake walitandika mianzi iliyopasuliwa, mikeka ya matete, kisha udongo. Na kwa kuwa mti wa mkoko haubebi dari pana, chumba kilikuwa chembamba: ukitazama upana wa chumba cha kale cha Kuwait na cha Lamu, unatazama urefu wa mti mmoja. Biashara yenyewe ni kongwe kuliko Kuwait. Karne ya 10 mwanajiografia al-Istakhri aliandika kwamba nyumba za bandari ya Siraf, ng'ambo ya Ghuba, zilijengwa kwa msaji na miti iliyoletwa kutoka nchi ya Zanj, yaani pwani yetu hii ya Afrika Mashariki. Hakusema boriti.

Sasa chukulia mtu anakaa achore grafu ya mbao ngumu za tropiki zilizoingia Kuwait, mwaka hadi mwaka. Upande wa kushoto ana miti mizima, kwa korija. Upande wa kulia ana mbao zilizopasuliwa na plaiwudi, kwa mita za ujazo. Mita moja ya ujazo ya mbao iliyopasuliwa inakula karibu mita 1.8 za gogo, kwa kuwa nyingine imebaki kiwandani kuwa maganda na unga. Boriti haijapasuliwa. Kuiandika "mbao" ni kosa la kwanza. Kuita kila mti "boriti" ni la pili, na hilo halirekebishiki, maana madaraja yakishafutwa hujui tena ni msitu kiasi gani uliokatwa.

Mwisho wa biashara wenyewe hauna mafumbo. Kuwait ilipakia mafuta yake ya kwanza ya kuuza nje mwaka 1946, na fedha zikaleta saruji na chuma. Kenya ilipopiga marufuku kusafirisha miti ya mikoko nje ya nchi, 1982, nyumba za Kuwait zilikuwa zimeshageuka zege.

Wageni walipotoka nilimwita yule kijana pembeni. Nikamwambia, mwanangu, umewaeleza vizuri, ila kesho waambie ni miti ya mikoko. Boriti ni hizi zilizo juu ya vichwa vyetu, na zile nyembamba kule paa la jikoni ni pau. Akatazama juu, akaanza kuhesabu.