Kabla ya "sogea tukae", muulize habari ya mshenga

Wanawake wengi wanaonijia kwa ushauri wa mahusiano wameshampata mwanamume, na ameshawaambia: "Hamia kwangu kwanza, mambo ya posa tutayapanga mbele ya safari." Mtaani tunaita sogea tukae.

Siwahukumu. Mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita kwa mkupuo, nauli ya Mbagala hadi Mbezi kila wikendi inauma, na mtu mwenyewe unampenda. Ila kabla hujafunga begi, naomba umuulize, kwa upole, mkiwa mmeshiba na hamna ugomvi: "Mshenga utamtuma lini kwetu?"

Kisha nyamaza, umtazame. Asipotaja tarehe, usihofu. Kijana ambaye mahari haijatimia anaweza kukwambia, "Mwaka huu sina, lakini baba mdogo atakuja kujitambulisha." Huyo amekujibu. Mwingine atanuna siku tatu, atasema unampelekesha, au atakuhesabia wanawake wanaomtaka. Na huyo naye amekujibu. Anayekasirishwa na swali lako la haki ukiwa bado una chumba chako, ukishahamia atakasirishwa na simu ya dada yako, na mshahara wako, na daladala iliyokuchelewesha. Nimeyasikia haya mara nyingi mno, na kila mara naumia, maana dalili ilikuwepo tangu mapema.

Wapo wanaonijibu kwamba miaka miwili ikipita ndoa "inajifunga yenyewe". Hapa mnisikilize vizuri. Kifungu cha 160 cha Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971 kinasema mwanamume na mwanamke wakiishi pamoja miaka miwili au zaidi, na watu wakawa wanawatambua kama mume na mke, itachukuliwa kwamba walioana. Lakini dhana hiyo inaweza kupingwa kwa ushahidi. Kama alifunga ndoa ya mke mmoja na haijavunjwa, hata ukikaa naye miaka kumi hutakuwa mkewe kisheria. Kifungu hichohicho kinakupa nafasi ya kuomba matunzo yako na ya watoto, na nashukuru kipo, ila utakikimbilia mahakamani mambo yakiwa yameshaharibika. Kwa hiyo muulize pia: uliwahi kuoa? Ndoa hiyo iliishaje?

Kama tayari unaishi naye, usijione umepotea. Ndugu zako wajue unapokaa. Mkinunua kiwanja, jina lako liwemo kwenye hati ya mauziano. Na usikubali kuambiwa kwamba hukuchangia kitu kwa kuwa ulikuwa unapika na kulea: Mahakama ya Rufani, mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, ilitamka kwamba kazi za nyumbani ni mchango katika mali ya wanandoa. Akikuinulia mkono, usingoje wa pili. Nenda Dawati la Jinsia na Watoto kituo cha polisi.

Dada mmoja aliuliza swali la mshenga wakila chipsi Kijitonyama. Mwenzake alicheka, akakaa kimya kidogo, kisha akampigia mama yake palepale: "Mama, kuna mtu nataka umfahamu." Hawajaoana bado. Kila mmoja anakaa kwake, na barua ya posa imeshafika nyumbani kwao yule dada.