Mguu wa kutembelea si mguu wa kukimbilia: dhana potofu kuhusu viungo bandia na mazoezi

Mtu akishavaa mguu bandia na kuanza kutembea bila magongo, walio karibu naye hushukuru na kudhani safari imefika. Kwake yeye safari nyingine ndiyo kwanza inaanza: kurudi kwenye mbio, baiskeli au bwawa la kuogelea, au kujaribu kwa mara ya kwanza. Hapo hukutana na maneno mengi yasiyo ya kweli, mengine kutoka kwa watu wanaompenda, mengine kutoka kwa wabunifu wanaotaka kumsaidia.

"Ana mguu bandia tayari, afanye zoezi lolote"

Mguu wa kawaida wa kutembelea hutengenezwa ili mtu awe imara. Kisigino chake hupokea uzito taratibu, unyayo hubiringika kwenda mbele, na mvaaji anaweza kusimama bila kuyumba. Kukimbia kuna mahitaji mengine. Mwili unaruka na kutua, na kila unapotua mguu hubeba mara mbili hadi tatu ya uzito wa mtu.

Terry Fox, kijana wa Kanada aliyekatwa mguu wa kulia juu ya goti mwaka 1977 kwa sababu ya saratani ya mfupa, aliidhihirisha tofauti hiyo mbele ya watu wote. Mwaka 1980 alikimbia kilomita 5,373 kwa siku 143 ili kuchangisha fedha za utafiti wa saratani. Katika picha zake unamwona akiruka mara mbili kwa mguu mzima kwa kila hatua moja ya mguu bandia, kwa kuwa ule wa bandia ulihitaji muda wa kurudi mbele kabla haujakanyagwa tena. Mwili wake ndio uliolazimika kukifuata kifaa. Ninamheshimu sana kwa ujasiri ule, lakini mbunifu akitazama picha zilezile anapaswa kuona kazi inayomsubiri yeye.

Mmarekani Van Phillips, aliyepoteza mguu mwaka 1976 katika ajali ya kuteleza juu ya maji, aliifanya kazi hiyo. Aliacha kuiga sura ya mguu wa binadamu, akachukua wazo kwenye mguu wa nyuma wa duma, akatumia nyuzi za kaboni kutengeneza springi iliyopinda. Springi hiyo ya mbio haina kisigino, na ndiyo maana anayevaa mbili hupata tabu kusimama tuli. Kinachomsaidia kukimbia ndicho kinachomsumbua akisimama, na hakuna fundi atakayekukwepesha uchaguzi huo.

"Miguu ya springi humpa mtu nguvu kuliko mguu wa nyama"

Springi hairudishi zaidi ya ilichopewa. Mguu wa asili una misuli ya shavu la mguu inayoongeza nguvu mpya katika kila hatua. Springi haina kitu cha kuongeza, na mkimbiaji huilipia kwa nyonga na mapaja, hasa pale anapoondoka mstarini. Ni kweli kwamba urefu na wepesi wa miguu hiyo umeleta mabishano ya haki katika mashindano. Mahakama ya Usuluhishi wa Michezo ilimruhusu Oscar Pistorius, mkimbiaji wa Afrika Kusini anayevaa miguu miwili ya springi, mwaka 2008, naye akashiriki Olimpiki ya London mwaka 2012. Mwaka 2020 mahakama hiyohiyo ilimkatalia Blake Leeper, mkimbiaji wa Marekani anayevaa miguu kama hiyo, kwa sababu ya urefu wa miguu yake. Lakini hayo ni mabishano ya watu wachache wanaogombea sekunde. Anayetaka kufanya mazoezi kwa afya na furaha ana swali lingine: je, nitamaliza bila kidonda?

"Maumivu ndiyo mazoezi, avumilie tu"

Hii ndiyo dhana inayoniuma kuliko zote. Maumivu ya misuli iliyochoka ni kitu kimoja, na maumivu ya kigutu, yaani sehemu ya mguu iliyobaki baada ya kukatwa, ndani ya soketi, yaani kikombe cha kifaa kinachokivika, ni kitu kingine kabisa. Ngozi ya kigutu haikuumbwa kubeba uzito. Huvikwa soksi ya silikoni isiyopitisha hewa. Mtu akitoka jasho, jasho hubaki ndani, soksi huteleza, ngozi husuguliwa. Tena kigutu hupungua unene kadiri siku inavyokwenda, hivyo soketi iliyokaa vizuri asubuhi huanza kupwaya jioni. Mtu huzama ndani yake na mfupa hugonga mahali usipopaswa kugonga.

Kwa hiyo anayebuni kifaa cha mazoezi akianzia kwenye springi ameanzia mwisho. Soketi ndiyo roho ya kifaa. Je, inaweza kukazwa katikati ya zoezi bila kuvuliwa? Je, uzito umepelekwa kwenye kano iliyo chini ya goti, ukaepushwa na kichwa cha mfupa mwembamba wa pembeni? Je, mtu anaweza kuivua upesi, ajifute jasho, aongeze soksi ya kuzuia kupwaya, aendelee? Wekundu usioondoka baada ya takriban dakika 10 tangu avue ni ishara ya kumrudia fundi. Kidonda kimoja kinaweza kumnyima mguu kwa wiki nzima au zaidi, na mguu huohuo ndio unaompeleka kazini.

"Kifaa kizuri lazima kifanane na kiungo halisi"

Hugh Herr alipoteza miguu yote miwili chini ya magoti baada ya kunaswa na dhoruba ya theluji kwenye Mount Washington, Marekani, mwaka 1982, akiwa na miaka 17. Alipotaka kurudi kupanda miamba, alijitengenezea nyayo nyembamba za kupenya kwenye nyufa, nyingine zenye miiba ya kukwea barafu, na miguu ya kurefushwa au kufupishwa. Hakuna hata moja iliyofanana na mguu wa mtu.

Mikono nayo ni hivyohivyo. Mkono wenye vidole vitano unapendeza, lakini kwa kupiga pushapu kitako kipana cha mpira hufaa zaidi. Kwenye baiskeli, kishikio kinachoshika usukani lazima kiachie chenyewe mtu anapoanguka. Kisipoachia, ni mtego. Na aliyekatwa chini ya goti mara nyingi husaidiwa na krenki (mkono unaoshika pedali) fupi upande wa mguu bandia, ili goti lisikunjwe hadi ukingo wa soketi ukachoma nyuma yake.

"Bila kifaa hakuna mchezo"

Katika voliboli ya kukaa wachezaji huweza kuacha viungo bandia pembeni. Katika soka la waliokatwa miguu wachezaji wote isipokuwa kipa hucheza kwa magongo, bila mguu bandia. Katika mashindano ya kuogelea ya Paralimpiki viungo bandia haviruhusiwi majini. Wakati mwingine kinachotakiwa kubuniwa ni mahali penyewe: benchi imara pembeni kabisa mwa bwawa, pa kuvulia mguu na kuuweka pakavu, ili mwenye mguu mmoja asilazimike kurukaruka juu ya vigae vyenye maji kabla hajaanza hata kuogelea.