Aljebra ya Lie itokanayo na kundi la kidhahania

Mnorwei Sophus Lie (jina lake hutamkwa «Lii») alishughulika na makundi laini (kundi ni mkusanyiko wa vitendo vinavyoweza kufuatanishwa na kutenguliwa), kama mizunguko yote ya tufe, ambamo unaweza kusogea kidogo kidogo bila kuruka. Aljebra ya Lie ya kundi kama hilo, yaani mfumo wa kujumlisha wenye «mabano» yanayounganisha vipengele viwili kuwa kimoja, hupatikana kwa kalkulasi, kwa kutazama miendo midogo kabisa. Kundi la kidhahania, linalojulikana kwa kanuni zake za kuzidisha tu, halina «karibu» wala «mbali». Likiwa na vipengele 8 tu, kalkulasi utaishika wapi?

Basi tunapima ukaidi wa mpangilio, yaani jinsi matokeo yanavyobadilika ukibadilisha kinachotangulia. Shika kadibodi ya mraba. Izungushe robo kuelekea kulia, igeuze kama ukurasa wa kitabu, izungushe robo kuelekea kushoto, kisha igeuze tena. Ungedhani imerudi ilivyokuwa, kumbe imebaki na nusu mzunguko. Baki hilo ndilo komutata.

Komutata za kundi G, pamoja na vyote vizalishwavyo nazo, ni kundi dogo γ2. Komutata za γ2 na G huzalisha γ3, na ngazi hushuka hivyo hivyo. Katika kila ngazi, hesabu iliyo chini yake kuwa sifuri: unapata tabaka ambamo mpangilio haujalishi, na kuzidisha kumegeuka kujumlisha. Utamu wenyewe uko hapa: komutata ya xy na z hailingani barabara na ile ya x na z ikijumlishwa na ile ya y na z, ila kasoro huangukia ngazi ya chini, ambayo tumekwisha kuifuta! Unganisha matabaka yote, komutata iwe ndiyo mabano, na kanuni ya Jacobi, sharti ambalo mabano ya kila aljebra ya Lie hulitii, inatokana na mlinganyo wa Hall na Witt, ambao komutata za kundi lolote huutimiza.

Kundi la mikao 8 ya kadibodi yetu lina tabaka la vipengele 4 na la vipengele 2. Kwa usahihi hii ni ringi ya Lie, maana vipengele vyake huzidishwa kwa namba kamili tu, si kwa sehemu.

Kuna kinachopotea. Kundi la kwaternioni (1, i, j, k na hasi zake), nalo la vipengele 8, hutoa ringi ileile ingawa ni kundi jingine. Mizunguko 60 ya umbo la nyuso 20 haishuki hata ngazi moja, kwa hiyo ringi yake ni sifuri tupu. Makundi ambayo idadi ya vipengele ni kipeo cha namba tasa (kama 8 = 2 × 2 × 2) daima hushuka hadi chini kabisa, na huko ndiko Efim Zelmanov alikotumia ringi hizi kutatua swali la Burnside katika sura yake finyu (je, makundi yenye kikomo yanayozalishwa na vipengele m, ambamo kila kipengele kikirudiwa mara n hurudi mwanzo, yana ukubwa usiovuka mpaka fulani?), kazi iliyompa Medali ya Fields mwaka 1994.