Krimu ya tretinoini: usiiache wiki ya tatu

Mgonjwa akirudi kwenye dirisha la famasi na tyubu ya tretinoini, dawa ya chunusi ya kupaka, ambayo haijafika hata nusu, huwa najua malalamiko yake: "Hii dawa imenichoma, na chunusi ndiyo zimezidi." Mara nyingi anasema kweli. Wiki 2 hadi 4 za mwanzo ngozi hukauka, hubabuka na kuwasha, na chunusi zilizojificha chini zinaweza kuibuka kwa pamoja. Wengi huishia hapo, ilhali nafuu huanza kuonekana baada ya wiki 8 hadi 12.

Tretinoini ni ya jamii ya vitamini A. Haiui bakteria, inazibua. Chunusi huanza pale seli za ngozi zilizokufa zinaponata na kuziba vitundu vya vinyweleo, mafuta yakabanwa ndani. Dawa hii huzifanya seli hizo zipukutike. Kwa hiyo haidonolewi kwenye kipele kimoja kimoja, hupakwa eneo zima linalotoka chunusi, hata pale panapoonekana pasafi leo.

Inapakwa usiku. Nawa kwa sabuni isiyo kali, jifute kwa kubonyeza taulo bila kusugua, kisha subiri dakika 20 hadi 30 ngozi ikauke kabisa. Kamua krimu kiasi cha punje ya njegere, basi, hiyo ni ya uso mzima. Dondoshea kidogo kidogo kwenye paji, mashavu na kidevu, usambaze, ukiepuka macho, midomo na pembe za pua. Mwanzoni paka usiku mmoja, pumzika unaofuata, na utumie losheni isiyo na manukato. Kama umeandikiwa pia benzoili peroksaidi, dawa nyingine ya chunusi, ipake asubuhi, kwa sababu inaweza kuiharibu tretinoini zikikutana.

Kwetu wenye ngozi nyeusi haraka ina gharama yake: ngozi ikiungua huacha madoa meusi yanayokaa miezi. Anayepaka nyingi ili awahi kupona hujiongezea kazi. Mchana vaa kofia, paka losheni ya kukinga jua yenye SPF (kipimo cha kinga ya jua) 30 au zaidi.

Mjamzito, au anayetafuta mimba, asiitumie. Amweleze daktari apewe dawa nyingine.

Kinachonisikitisha zaidi ni wanaoiacha na kuhamia krimu za dukani zenye betamethasoni au klobetasoli, dawa kali za jamii ya steroidi. Uso hulainika na kung'aa kwa siku chache, shoga akausifia, kumbe ngozi inakuwa nyembamba, na chunusi hurudi kwa kishindo krimu ikiachwa. Kabla ya kununua, soma yale maandishi madogo chini ya jina la biashara, uone kama dawa hizo zimetajwa.

Ukavu na muwasho mdogo ukikusumbua, pumzisha ngozi siku mbili tatu uendelee. Uso ukivimba au kutoa malengelenge, acha dawa na urudi hospitali na tyubu yako.