Roboti zinazogawana kazi bila msimamizi: dhana potofu na ukweli

Dhana: Droni zinazochora maumbo angani zinaelewana zenyewe kwa zenyewe.

Katika ufunguzi wa Olimpiki ya Majira ya Baridi huko Pyeongchang, Korea Kusini, mwaka 2018, watazamaji wa televisheni walionyeshwa droni 1,218 za kampuni ya Intel, na tangu hapo maonyesho ya aina hiyo hutolewa mfano kila zinapotajwa roboti zinazoshirikiana. Mfano huo haufai. Njia ya kila droni ilikuwa imekwisha kupangwa kwenye kompyuta kabla haijaruka, na hakuna iliyoshauriana na nyingine jambo lolote. Roboti za ghalani za Kiva, kampuni ambayo Amazon iliinunua mwaka 2012, nazo hupangiwa kazi na mfumo wa ghala. Hilo si kasoro, kwani pale ambapo mtandao haukatiki na sakafu inajulikana, mpangaji mmoja hutosha na ni nafuu.

Dhana: Pasipo msimamizi, kila roboti hufanya inavyotaka.

Mojawapo ya njia zinazotumika sana ni ya mnada. Mwaka 1980 mwanasayansi wa kompyuta Reid Smith alieleza utaratibu ambao mwenye kazi huitangaza, wenzake hutuma zabuni kulingana na uwezo wao, naye humtangaza mshindi. Huyo mwenye kazi, yaani dalali, ni wa muda tu, na kwa kazi inayofuata anaweza kuwa mzabuni kama wengine. Mwaka 2009 Choi, Brunet na How wa chuo cha MIT huko Marekani walichapisha njia isiyohitaji hata dalali wa muda. Kila roboti hutunza orodha ya kazi ilizojichukulia, pamoja na kumbukumbu ya zabuni bora inayoijua kwa kila kazi na jina la aliyeitoa, kisha hubadilishana kumbukumbu hiyo na majirani walio karibu tu, mpaka kundi zima likubaliane.

Tuseme roboti A, ikiwa ndani ya jengo lililobomoka, imejipangia kukagua chumba cha 1, kisha cha 2, kisha cha 3, na zabuni ya kila chumba imeikokotoa kwa kuhesabu kwamba itakuwa inatoka kwenye kile kilichotangulia. Ikipata habari kwamba roboti B imetoa zabuni bora kwa chumba cha 2, haikiachi hicho peke yake, bali inaachia na cha 3 pia, kwa sababu zabuni yake ya chumba cha 3 ilitegemea safari ambayo haipo tena; kisha inazabuni upya. Kwa maoni yangu, kanuni hiyo ndogo ndiyo yenye busara kuliko zote zilizomo katika njia hii, maana roboti inayong'ang'ania hesabu iliyokwisha kupitwa huwapotosha na wenzake.

Dhana: Mgawanyo unaopatikana hivyo lazima uwe duni.

Choi na wenzake walithibitisha kwamba, iwapo faida ya kuongeza kazi hupungua kadiri orodha inavyorefuka, jumla ya thamani haishuki chini ya nusu ya ile ya mgawanyo bora kabisa. Wengi husoma hiyo nusu kana kwamba ndiyo matokeo ya kawaida, ilhali ni kiwango cha chini kinachohakikishwa. Tena, pale ambapo kila roboti inapewa kazi moja tu, mnada uliobuniwa na Bertsekas mwaka 1979 unaweza kufikia mgawanyo bora uleule unaopatikana kwa njia ya mwanahisabati Kuhn ya mwaka 1955, mradi bei za mnada zipandishwe kwa hatua ndogo vya kutosha. Kinachoumiza zaidi ni idadi ya ujumbe unaopaswa kusafiri kabla ya kukubaliana.

Dhana: Kwa kuwa hakuna kitovu, hakuna cha kuangusha kundi.

Mawasiliano yakikatika katikati, kundi hugeuka makundi mawili, kila moja likiwa na makubaliano yake kamili, na chumba kilekile hukaguliwa mara mbili. Ndiyo maana katika fainali ya shindano la chini ya ardhi la DARPA, shirika la utafiti la Wizara ya Ulinzi ya Marekani, lililofanyika Louisville, Kentucky, mwaka 2021, roboti zilikuwa zikidondosha redio njiani ili ujumbe uendelee kupita pangoni. Kila timu iliruhusiwa pia msimamizi mmoja wa kibinadamu.

Hatari nyingine ni roboti yenye kihisi kibovu, ambayo hujiona iko karibu na kila kazi, hivyo ikashinda kila mnada bila nia mbaya yoyote. Wanasayansi wa kompyuta Lamport, Shostak na Pease walionyesha mwaka 1982 kwamba, ujumbe usipokuwa na sahihi isiyoweza kughushiwa, makubaliano mbele ya mwongo mmoja, yaani anayetoa habari zisizo za kweli hata bila kujua, yanahitaji washiriki wasiopungua 4, na mbele ya wawili, 7.

Dhana: Roboti zikiongezeka, kazi huisha mapema.

Huko Harvard, mwaka 2014, roboti ndogo 1,024 ziitwazo Kilobot zilijipanga kuwa umbo moja kwa muda wa takriban saa 12. Zilitembea zikifuata ukingo wa kundi, na moja ikizubaa mbele, zilizo nyuma yake zote husubiri.