Soketi ya Cat 6A haitaongeza kasi ya intaneti yako
Wengi wanaojenga huamini kwamba soketi ya ukutani ya kebo ya mtandao iliyoandikwa "Cat 6A" italeta intaneti ya kasi kuliko ya Cat 5e, daraja la chini yake. Si kweli. Cat 5e iliyofungwa vizuri hubeba gigabiti 1 kwa sekunde hadi mita 100, na vifurushi vingi vya nyumbani havifiki hapo.

Kinachoangusha mtandao ni ufungaji. Ndani ya kebo mna nyaya 8, zimesokotwa jozi 4. Gigabiti 1 inahitaji jozi zote. Waya mmoja wa kahawia ukilegea, vifaa vingi hushuka kimyakimya hadi megabiti 100, nawe unamlaumu mtoa huduma. Fundi asifumue msokoto zaidi ya milimita 13, wala asisukume nyaya kwa bisibisi, maana hutanua meno ya chuma yanayoushika waya. Kipo kifaa maalumu cha kazi hiyo.

Chagua soketi yenye alama za rangi zinazosomeka na miguso iliyopakwa dhahabu, ambayo haishiki kutu. Kwa nyumba za pwani hilo ni muhimu sana. Kebo iwe shaba halisi, si alumini iliyopakwa shaba. Kabla ya kumlipa fundi, apime jozi zote 4 mbele yako.